Yuda Haoshwi

Jumapili ya Matawi, watu wakiwa bado na makuti mkononi, Mzee Mathias alisimama mbele ya altare kutangaza majina ya Mitume. Hakushika karatasi. Mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa haandiki. Anakumbuka, na asipokumbuka anabuni.

"Petro ni mimi," alianza.

Hakuna aliyeshtuka. Katika kanisa la Mtakatifu Batolomayo, kijiji cha Chilande, ukishatoka Masasi na kupanda mlima kuelekea Newala, Petro alikuwa Mathias tangu watu walipoacha kuuliza kwa nini. Andrea alikuwa shemeji yake. Yakobo alikuwa mpangaji wake. Yohana, yule mwanafunzi aliyependwa, alikuwa mtu aliyempa Mathias lifti ya pikipiki kwenda mnadani. Kila Alhamisi Kuu wanaume hao kumi na wawili hukaa kwenye benchi refu, padre akapiga magoti mbele yao na beseni, akawaosha miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake.

Nikolao alikaa nyuma karibu na nguzo, akingoja jina lake. Yeye alikuwa Tomaso miaka yote. Aliupenda utume huo kwa sababu Tomaso hatumwi kitu: anakaa, anaoshwa, anafutwa, anarudi nyumbani kula.

"Tomaso, mwalimu mkuu wa shule," Mathias akasema.

Nikolao aliinua kichwa.

"Na Yuda," Mathias akatulia kidogo, kama mtu mwenye mfupa mtamu mdomoni. "Mzee wetu January miguu imemshinda. Mwaka huu Yuda atakuwa Nikolao."

Kanisa lilicheka. Hata mishumaa ilitikisika. Watoto wa kipaimara waligeuka wote kumtazama, na mmoja akashika mfuko wa kaptula yake kuhakikisha kilichomo bado kimo.

Yuda wa Chilande hukaa mwisho wa benchi, upande wa mlango. Injili ikishasomwa, kabla padre hajagusa beseni, Yuda huinuka, hutoka nje peke yake, na mlango hufungwa nyuma yake. Haoshwi. Ijumaa Kuu watoto hupita mbele ya nyumba yake wakigonga madebe, na jina linamkaa mwaka mzima, yeye na nyumba yake na kuku wake. Kila mtu Chilande anajua kwamba ndivyo Biblia inavyosema, maana wameliona jambo lenyewe kwa macho yao tangu wakiwa migongoni mwa mama zao.

Na kila mtu alijua pia kwa nini Nikolao. Siku chache kabla, kwenye mkutano wa ushirika, mbele ya bwana kilimo, alinyoosha mkono akauliza salfa ya mikorosho ya msimu uliopita iliishia wapi. Mwenyekiti wa ushirika naye ni Mathias. Mathias hakujibu. Wakubwa wa siku hizi hawajibu. Ukiwauliza swali, wanakupa cheo.

*

"Yuda," mkewe Veridiana alisema hata kabla hajafungua kitenge cha kanisani. "Nimelala na Yuda miaka yote hii sijui."

"Mama Bertila, acha."

"Niache nini? Ungeufunga mdomo kwenye mkutano wao. Salfa yenyewe ukipewa unapulizia nusu, nusu unawawekea panya."

"Niliwawekea mara moja."

"Na hawakufa."

Bertila, binti yao, alikuwa mlangoni anamenya ming'oko, viazi vya porini. Aliendelea kumenya bila kuinua macho, na hilo ndilo lililomchoma baba yake. Barua ya posa ya Bertila ilikuwa imeshapokelewa. Kijana anaitwa Ladislaus, fundi wa kuchomelea, mtu wa Newala mjini, mpole mpaka anaudhi. Tatizo ni mama yake. Mama Ladislaus alikuwa amesema hatoi mwana kwa nyumba asiyoijua. Anataka kwanza kula chakula chao, kulala chini ya bati lao na kusali kwenye kanisa lao. Alikuwa anakuja Jumatano, akae mpaka Pasaka ipite.

"Atakaa mbele, maana wageni hukaa mbele," Veridiana alisema. "Atamwona baba wa bibi harusi anafukuzwa kanisani kama mbuzi aliyeingia kwaya. Usiku atapanga mabegi. Halafu wewe utamwoa Bertila?"

"Nitakataa. Nitasema sikai."

"Useme kwa nani?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Kesho yake asubuhi Veridiana alikwenda bombani. Maji ya Chilande yana tabia ya serikali: yanaahidiwa sana. Yakikatika, ndoo hupandishwa kutoka bondeni kwa baiskeli, na mtu anaoga kwa kikombe. Ndiyo maana watu wa huko wakisomewa habari ya arusi ya Kana hawashangai maji kuwa divai. Wanashangaa ile mitungi sita ilijazwa na nani. Na ndiyo maana wakiona padre anamwagia mtu maji miguuni, maji mazima, ya ndoo, wanajua kwamba huo ni upendo usio wa kawaida.

"Mpisheni mke wa Yuda," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. "Leo unalipia kwa vipande vya fedha?"

"Fedha anatunza Petro," Veridiana akajibu akitua ndoo. "Kamwulize, ndiye mwenyekiti."

Wanawake walicheka mpaka wakapoteza zamu. Lakini Veridiana alirudi nyumbani na ndoo kichwani na machozi machoni, akamwambia mumewe ni jasho.

*

Nikolao alimkuta Mathias barazani anakula wali na kuku. Alipiga hodi, akakaribishwa kwa kidole, akasimama. Kiti kilikuwapo, lakini juu yake kulikuwa na redio.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuomba. Mwaka huu uniache. Nina mgeni, mkwe. Mpe Yuda mtu mwingine."

Mathias alinyonya paja, akaliangalia, akalinyonya tena. "Nikolao, kanisani hatuchagui. Hata Bwana hakuchagua msalaba."

"Wewe unachagua Petro."

"Petro ni mzigo," Mathias alisema kwa huzuni. "Funguo, lawama, mikutano. Wewe unadhani napenda?"

"Basi nisikae kabisa. Nitabaki shambani Alhamisi."

"Ubaki." Mathias alifuta vidole kimoja kimoja. "Binti yako anaolewa, sivyo? Tangazo la ndoa linasomwa kanisani Jumapili tatu. Kabla halijasomwa linapita kwenye halmashauri. Halmashauri ni nani?"

Nikolao aliitazama redio iliyokaa kwenye kiti.

"Asiyelitumikia kanisa, kanisa nalo halimtumikii. Ukitoka, usifunge geti, nina mgeni anakuja."

Nikolao alitoka akiwa ameelewa. Akikaa kwenye kiti cha Yuda, ukwe unavunjika kwa aibu. Asipokaa, ndoa haitangazwi. Mtu aliyesoma angeita hali hiyo kwa jina refu. Nikolao aliita Mathias.

Njiani alipitia kwa Mzee January, Yuda mstaafu, aliyekuwa amelaza mguu wake uliovimba juu ya kinu kilicholazwa. Alitaka kufundishwa, maana kama hapana budi kutoka, basi atoke kwa heshima.

"Kwanza ulifanyaje, mzee wangu, nang'olo? Unainuka tu?"

January alicheka mpaka akashika mguu. "Mkaa, mwanangu! Nilikuwa natoka kwenda kupuliza mkaa wa chetezo. Ubani hauwaki wenyewe. Nilipewa kiti cha mwisho kwa sababu kipo karibu na mlango. Nikirudi, padre kashamaliza kuosha, nami sidai. Watu wakaona mtu anatoka, wakasema, huyo Yuda."

"Na hukuwakatalia?"

"Niwakatalie kwa nini? Walikuwa wananinunulia pombe. 'Yuda, njoo unywe, usije ukatuuza.' Sina mke, sina binti. Jina baya ni zito kwa mwenye watu."

*

Jioni Nikolao alisimulia habari ya mkaa. Veridiana hakuamini.

"January mlevi. Yuda alitoka kabla ya kuoshwa, imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?" Bertila akauliza.

"Kwenye Biblia! Wewe ulikuwa wapi Alhamisi Kuu zote?"

Bertila aliingia ndani, akatoka na Biblia iliyofungwa kwa kitambaa cha cherehani, akatafuta Injili ya Yohana, akasoma taratibu kwa mwanga wa taa ya sola. Akafika Bwana alipovua joho na kujifunga kitambaa. Akafika Petro alipokataa kuoshwa, akaambiwa asipooshwa hana fungu, akageuka akataka aoshwe na mikono na kichwa. Akafika wanafunzi walipokwisha kuoshwa wote, wakakaa mezani, Bwana akachovya tonge akampa Yuda. Yuda alipolipokea, ndipo akatoka.

Kuku alikohoa.

"Rudia," Nikolao alisema.

Akarudia.

"Hiyo ni Biblia ya wapi?"

"Ya Masasi, baba. Tulinunua pamoja."

"Basi wa Masasi wamekosea."

"Baba, hii inayosomwa kanisani ni hii hii. Padre anaisoma kila mwaka. Maneno haya haya."

"Mimi nimekaa kwenye benchi lile!" Nikolao alikasirika kweli. "Nimekaa, naoshwa, namwona Yuda anatoka. Wewe unaniambia karatasi. Mtu akikuonyesha, na mwingine akakusimulia, unamwamini nani?"

"Kwa hiyo mlikuwa mnasikia nini wakati wa Injili?"

Baba na mama walitazamana. Ukweli ni kwamba wakati wa Injili ya Alhamisi Kuu hakuna mtu Chilande anayesikia. Moshi wa ubani umejaa, watu wanakohoa, shingo zote zimenyooshwa kutazama miguu ya wakubwa. Masikio ni ya siku nyingine.

Veridiana ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga paja. "Baba Bertila! Alioshwa! Yuda alioshwa, akala na tonge juu yake! Mathias anakunyima hata kile alichopewa Yuda!"

Asubuhi Nikolao aliichukua Biblia akaenda nyumba ya padre. Padre Msanjila alikuwa kijana wa Dodoma, bado mpya, bado anashangaa watu wanavyokula panya. Alisoma mistari, ingawa aliijua.

"Binti yako amesoma sawasawa, baba. Yuda alitoka baada ya tonge."

"Basi sema Alhamisi, watu wajue."

Padre aliangalia pembeni. Pembeni palikuwa na gunia la unga wa muhogo, na gunia lilitoka kwa Mathias. Nyumba aliyolala, kamati ya Mathias iliezeka.

"Mimi mgeni hapa," alisema. "Nikigusa benchi lile kabla sijamaliza mwaka, nitapelekwa mahali hata benchi hakuna."

"Kwa hiyo Biblia inajua, wewe unajua, na mimi natoka nje."

"Tuombe, baba."

Wakaomba. Padre aliomba kwa ufasaha mkubwa.

*

Mama Ladislaus alishuka kwenye gari Jumatano mchana na mabegi mawili, kuku mmoja na sauti ya watu watatu. Alikagua nyumba bila kuficha: aligonga ukuta, akanusa mtungi, akamtazama Bertila mikono kabla ya uso. Alikula ugali wa muhogo na kisamvu, akaongeza, akaongeza tena.

"Chumvi mnajua," alitoa hukumu.

Veridiana aliona nafasi. "Mama Ladislaus, kesho si lazima uje kanisani. Misa ya Alhamisi ndefu, na mabenchi yetu yana misumari."

"Misumari ni Ijumaa, mama. Alhamisi nitakuja."

"Na ubani wetu mkali, una—"

"Nina mapafu ya kwaya." Akageuka kwa Nikolao. "Nimesikia nanyi huku mna benchi la Mitume. Baba Bertila wewe ni mtume yupi?"

Bertila alidondosha sahani. Veridiana akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

"Yule wa mwisho," Nikolao alisema.

"Wa mwisho!" Mama Ladislaus alifurahi. "Sisi kwetu wakubwa wanagombea wa mwanzo. Mtu mnyenyekevu huyu, nimempenda."

Usingizi haukuingia nyumba ile.

Alhamisi Nikolao alishinda shambani akipalilia muhogo. Mvua ilikuwa imepita, udongo mwekundu umelegea kama uji. Aliporudi, Veridiana alimwekea maji.

"Osha hata miguu, Baba Bertila."

"Yuda haoshwi. Maji ya nini? Mpe mgeni aoge." Akavaa shati lake jeupe na suruali ya Krismasi, akatia miguu kwenye kandambili ikiwa na shamba zima. Mlangoni akasimama. "Mama Bertila, nitakaa pale mpaka tonge."

"Utafanya nini?"

"Kama ni kuwa Yuda, nitakuwa Yuda kamili."

*

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mitume walikuwa wamependeza. Petro alikata kucha. Andrea alijipaka mafuta ya nazi mpaka magotini. Mwalimu mkuu, Tomaso mpya, alikuja na soksi mpya ili apate kuzivua mbele ya watu. Wote walikuwa wameoga miguu nyumbani kwa sabuni, maana Chilande hakuna mwungwana anayempelekea padre miguu michafu. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, Nikolao alikaa ameficha miguu yake chini ya benchi kama mtu aliyeiba viatu.

Mbele kabisa, Mama Ladislaus alijaza nafasi ya watu wawili. Kando yake Veridiana alijifunika kitenge mpaka machoni. Bertila alikuwa kwenye kwaya, na kila mara aliangalia kwanza baba, kisha mkwe, kisha mlango.

Padre Msanjila alisoma Injili. Watu walikohoa, walinyoosha shingo. Alipofika kwenye Petro akakaza sauti kidogo. Alipofika kwenye tonge, alisoma polepole sana, kama mtu anayevuka daraja la miti. Akafunga kitabu, akakibusu.

Katekista Jonathan akafungua mlango, kama kawaida. Upepo ukaingia. Watu wakangoja.

Nikolao alikaa.

Katekista alimwinamia. "Toka."

"Bado."

"Wakati wako umefika, Nikolao."

"Sijala tonge."

Katekista alimtazama Mathias. Kutoka upande wa pili wa benchi Mathias alisema bila kufungua midomo, kwa ustadi wa mikutanoni, "Nikolao. Tangazo la Bertila."

Alinong'ona. Lakini kanisa lilikuwa limenyamaza hata mende wangesikika, na Mama Ladislaus alikuwa na masikio yanayolingana na sauti yake.

"Tangazo gani?" aliuliza. "Ni la mwanangu hilo?" Akageukia benchi la Mitume. "Nauliza, ndoa ya mwanangu inahusiana nini na mlango?"

"Mama, tuko kwenye ibada," katekista alisema.

"Na mimi niko kwenye ibada. Naona mzee anafukuzwa wakati wa kuoshwa miguu. Kitabu kimesema alifukuzwa? Mimi nimesikia tonge. Ninyi hamkusikia tonge?"

Hapo watu walianza kutazamana. Baadhi walikuwa wamesikia kitu cha tonge, kwa mbali, katikati ya kikohozi. Mlango ukabaki wazi, katekista akabaki ameshika komeo, na kila jicho likamgeukia padre.

Padre Msanjila alikuwa amejifunga taulo, beseni mkononi. Alimtazama Mathias. Akautazama mlango. Kila mwaka padre huanzia kwa Petro. Padre Msanjila alikata kushoto badala ya kulia, akatembea mpaka mwisho wa benchi, akapiga magoti mbele ya Nikolao.

"Lete miguu, baba."

"Padre," Nikolao alinong'ona, na sasa yeye ndiye aliyeogopa, "nimetoka shamba."

"Naona," padre alisema.

Akaivuta. Kanisa liliguna. Maji yalimwagika juu ya miguu ile iliyopasuka, na udongo ukaachia kwa mabonge, na beseni likawa jekundu. Veridiana alishusha kitenge. Hakuwa amewahi kuona maji mengi kiasi hicho yakimwagwa kwa ajili ya mtu wake.

Sasa, Chilande beseni ni moja na ndoo ni moja kwa Mitume wote. Hakuna padre atakayethubutu kumwaga maji na kuchota mengine, hata kwa ajili ya Maandiko. Padre akasogea kwa Thadayo na beseni lile lile. Thadayo aliangalia maji, akameza mate, akatia mguu. Akasogea kwa Simoni. Mwalimu mkuu aliivua soksi yake mpya kama anayeaga maiti. Andrea, mafuta yake ya nazi yakaelea juu ya tope na kutengeneza rangi nzuri. Kila mtume aliingiza mguu safi na kuutoa mchafu kidogo, na padre aliufuta kwa taulo ambalo sasa lilikuwa linapaka badala ya kufuta.

Wa mwisho akawa Petro.

Mathias aliinama akatazama ndani ya beseni. Hakuona chini. Palikuwa na majani ya magugu na mdudu aliyekuwa anaogelea. Akarudisha miguu yake chini ya benchi.

"Padre, mimi hapana," alisema kwa sauti. "Wewe hutaniosha miguu mimi."

Kanisa zima lilivuta pumzi. Maneno hayo walikuwa wameyasikia sasa hivi. Yalikuwa ya Petro! Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lichongwe, Petro wa Chilande alikuwa anakataa, kama ilivyoandikwa, na uso wake umekunjamana kweli kweli. Bibi mmoja akalia machozi. "Petro mwenyewe!" alisema. "Tazameni, Petro mwenyewe!" Kigelegele kikapigwa upande wa wanawake.

Padre aliinua uso. Alikuwa na jasho, lakini sauti yake haikutetemeka. "Nisipokuosha, huna fungu nami."

Mathias aligeuka kulia, akageuka kushoto. Watu walimtazama kwa upendo ambao hawajawahi kumpa. Akatia mguu mmoja, macho yamefumbwa. Akatia wa pili.

"Na mikono!" mtoto wa kipaimara alipaza sauti.

"Na kichwa!" Mama Ladislaus alinguruma. "Malizia, Padre! Petro alisema na kichwa!"

"Na kichwa! Na kichwa!" watu wakaitikia, kama wanavyoitikia sala.

Katika Injili, Bwana alimwambia Petro kwamba miguu inatosha. Padre Msanjila alikuwa amesoma mstari huo muda si mrefu, na aliujua kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Akachota kiganja cha maji mekundu, akakimwaga taratibu juu ya upara wa mwenyekiti.

*

Nikolao alisubiri mpaka wakati wa komunyo. Akapokea mkate, akameza, akainuka, akatoka nje kupitia mlango ule, maana jambo ukilianza ulimalize. Hakuna aliyemfungia. Alikaa kwenye ngazi akiitazama miguu yake, iliyokuwa mipya kama ya mtu mwingine.

Mama Ladislaus alimfuata, akakaa kando yake ngazi ikalia.

"Baba Bertila, kumbe mtume wa mwisho ni Yuda."

"Ndiyo, mama. Nilificha. Nilijua utachukua mabegi."

"Nilikaribia." Alijipepea na kitabu cha nyimbo. "Mume wangu, Mungu amrehemu, walimtoa kwenye kwaya kwa sababu aliuliza kinanda kiliuzwa wapi. Akatoka kimya. Mpaka anakufa alikuwa anatoka kimya. Mwanangu naye ni vivyo hivyo, ukimkanyaga anakuomba msamaha. Nilikuwa natafuta ukoo wenye angalau mtu mmoja anayekaa kwenye benchi." Akasimama. "Tangazo lisiposomwa Jumapili, nitalisoma mimi."

Lilisomwa. Mathias alilipitisha mwenyewe, kwa sababu tangu Alhamisi ile watu walikuwa wanamsimamisha njiani kumpongeza jinsi alivyokataa kuoshwa, na mtu hawezi kupokea pongezi na kugombana kwa wakati mmoja. Ijumaa watoto walitoka na madebe, hawakujua wayagonge kwa nani, wakayageuza ngoma. Bertila aliolewa baada ya mavuno. Padre Msanjila alihamishwa hata kabla ya hapo. Sababu hazikutajwa, lakini inasemekana alikopelekwa benchi lipo, fupi. Kuhusu salfa, hadi leo ni siri ya Mungu na ushirika.

Mwaka uliofuata, Kwaresima ikiwa inakaribia kwisha, Mathias alifika nyumbani kwa Nikolao na jogoo kwapani. Alikaribishwa kiti. Alizungumza habari ya mvua, habari ya bei, habari ya magoti yake.

"Nikolao," alisema hatimaye, "sasa Chilande nzima inajua Biblia inasemaje. Anayeoshwa wa kwanza ni Yuda. Maji yakiwa safi."

"Ndivyo walivyoona."

"Kiti kile kimekuwa na heshima. Halmashauri imeona, kwa ajili ya umoja wa kanisa, kinamfaa mwenyekiti. Wewe uwe Petro."

Ndani, Veridiana alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Nikolao alimpokea jogoo, akamtazama kucha, akamfunga mguu kwenye nguzo bila haraka.

"Uwe Yuda, wewe?"

"Kama huna kinyongo."

"Kichukue, Mzee," Nikolao alisema. "Miye nilikuwa nakushikia tu."